Misimu miwili na dawa ya kuamsha kinga ya nyanya

Bidhaa ninayoieleza hapa ni dawa ya chembechembe inayochanganywa na maji na kupuliziwa kwenye majani ya nyanya, na kiambato chake amilifu ni asibenzola-S-methili kwa kiwango cha asilimia 50. Kiambato hiki kiliingia sokoni Ulaya katikati ya miaka ya 1990, na leo kinauzwa kwa majina tofauti ya biashara katika nchi mbalimbali. Kwa sababu hiyo sitataja jina lililokuwa kwenye pakiti yangu. Anayetaka kukifuatilia asome mstari wa kiambato kwenye lebo badala ya maandishi makubwa ya mbele. Nimekitumia kwa misimu miwili ya mvua katika shamba langu la nyanya hapa Ilula, wilayani Kilolo. Msimu wa kwanza nilijuta kukinunua, wa pili nilikielewa, na tofauti ya misimu hiyo miwili ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulijua ni kwamba dawa hii haiui kitu. Hupangwa rafu moja na viuatilifu, hupulizwa kwa bomba lilelile la mgongoni, lakini ukiichanganya na bakteria ndani ya chombo cha maabara, bakteria wataendelea kuzaliana kama kawaida. Kazi yake yote hufanyika ndani ya mmea. Inaiga ishara ya asidi salisiliki, kemikali ambayo nyanya yenyewe huitengeneza inaposhambuliwa, na hivyo kuufanya mmea uweke ulinzi kabla adui hajabisha hodi. Anayezoea dawa za shaba au za ukungu, ambazo nyingi hukaa juu ya jani na kumsubiri adui wao, atakosea matumizi yake kama nilivyokosea mimi.

Adui niliyemnunulia dawa hii ni bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, anayeleta madoa meusi madogo kwenye majani na matunda wakati wa mvua na baridi. Ukilinyanyua jani asubuhi na kulielekeza juani utaona vitone vyeusi vya ukubwa wa kichwa cha pini, kila kimoja kikiwa na duara la njano pembeni, na vikizidi jani hujikunja na kukauka kuanzia ncha. Kwenye tunda vitone hivyo huwa vimeinuka kidogo, na ukivikwangua kwa ukucha vinabanduka, nyama ya ndani ikiwa nzima kabisa. Mnunuzi wa barabarani hajali kwamba nyama ni nzima. Tenga lenye nyanya za madoa hulipiwa bei ya nyanya mbovu, na msimu uliotangulia nilikuwa nimeuza sehemu kubwa ya mavuno yangu kwa bei hiyo.

Muuzaji wa duka la pembejeo nililonunulia alinishauri niongeze kipimo mara mbili ya kile kilichoandikwa, kwa hoja kwamba gramu chache kwa ekari nzima haziwezi kufanya kazi yoyote. Nilimwamini, kwa kuwa ni kweli kiasi kinachoandikwa ni kidogo kiasi cha kutia shaka. Miche yangu ilikuwa na siku tano tangu kuhamishiwa shambani, mvua ikawa imekatika, na udongo ulianza kupasuka kwenye kingo za matuta. Nilipulizia hivyohivyo, nikarudia wiki iliyofuata, na nyingine tena. Mchanganyiko niliokuwa nautayarisha ulikuwa ukiisha kabla sijafika mistari miwili ya mwisho karibu na mfereji, na ajali hiyo ndogo ndiyo iliyonifundisha.

Kufikia wiki ya tano tofauti ilikuwa haihitaji kupimwa kwa kamba. Mistari iliyopuliziwa ilikuwa mifupi, pingili zake zimekaribiana, majani madogo, magumu na ya kijani kizito, na maua yalichelewa. Mistari miwili iliyokosa dawa ilikuwa imeipita kwa urefu wa kiganja na ilikuwa inaanza kushika matunda, ingawa madoa yalikuwa yameenea hadi kichala cha pili. Shamba lililopuliziwa lilikuwa na majani safi na matenga machache. Nilirudi dukani kwa hasira nikidhani nimeuziwa dawa bandia, wakati ukweli ni kwamba dawa ilikuwa halali na ilifanya kazi kupita kiasi.

Ili kueleza kilichotokea lazima niingie kidogo katika namna mmea unavyojilinda, na ninaomba msomaji anivumilie, kwa kuwa hapa ndipo thamani ya bidhaa hii inapopimwa. Mmea hauna damu ya kuzungusha askari mwilini. Kila seli ni mlinzi wa mlango wake mwenyewe, na juu ya ngozi yake imebeba vipokezi vinavyotambua vipande vya miili ya vijidudu. Kipokezi kilichochunguzwa kuliko vyote huitwa FLS2, ambacho jeni lake lilielezwa mwaka 2000 na watafiti wa Basel, Uswisi. Hicho hutambua kipande kifupi cha protini inayounda mkia ambao bakteria huogelea nao. Kipande hicho kikigusa kipokezi, ndani ya dakika chache seli huanza kutoa kemikali kali za oksijeni, huimarisha kuta zake, na vitundu vya kupumulia vya jani, yaani stomata, hufungwa ili bakteria wasipate pa kuingilia. Bakteria naye ana hila yake, kwani aina kadhaa za Pseudomonas syringae hutengeneza sumu iitwayo koronatini, ambayo huiga homoni nyingine ya mmea na kuvilazimisha vitundu vile vifunguke tena.

Sasa jaribio moja la maabara lilinifumbua macho kuliko maelezo yote niliyopewa dukani. Watafiti wakichukua miche michanga ya arabidopsisi, yule mmea mdogo wanaoutumia kwa majaribio, na kuiloweka katika kipande hicho cha mkia wa bakteria bila bakteria yeyote hai, miche haiugui, wala haifi, bali hudumaa. Jambo hilo ni la kawaida kiasi kwamba kudumaa kwenyewe hutumiwa kama kipimo cha kujua iwapo kinga imeamka. Nilipolifahamu hilo niliiona ile mistari yangu mifupi. Sikuwa nimeiunguza kwa sumu. Nilikuwa nimeiambia ipigane vita kwa wiki tatu mfululizo wakati haina hata maji ya kutosha kusimama.

Ulinzi una gharama, na mmea hulipa kutoka mfuko uleule unaolipia majani, maua na matunda. Mwaka 2000 Martin Heil na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya kupulizia kiambato hikihiki kwenye ngano ambayo haikuwa imeshambuliwa na ugonjwa wowote, na ngano hiyo ilikua kidogo na kutoa mbegu chache kuliko ile isiyopuliziwa. Ndiyo maana mmea wenyewe, ukiachwa na akili yake, hauiachi kinga iwe macho muda wote. Una breki nyingi, na breki hizo zimepangwa kwa ustadi ambao kadiri ninavyousoma ndivyo ninavyozidi kuuheshimu. Kipokezi FLS2 kikishatoa taarifa huvutwa ndani ya seli na kuvunjwavunjwa, ili kengele moja isilie siku nzima. Asidi salisiliki iliyozidi hufungwa pamoja na sukari na kuwekwa akiba mahali ambapo haiwezi kuamsha chochote. Na protini iitwayo NPR1, ambayo ndiyo msimamizi mkuu wa kinga inayotokana na asidi hiyo, hukaa nje ya kiini cha seli ikiwa imefungamana makundi makundi. Ishara ikifika vifungo hulegea, NPR1 moja moja huingia ndani ya kiini na kuwasha jeni za ulinzi, kisha nayo huvunjwa humohumo ndani ili kazi isiendelee bila kikomo.

Mmea uliopoteza NPR1 ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994 na kundi la Xinnian Dong huko Marekani, na miaka miwili baadaye ilionyeshwa kwamba asibenzola nayo haifanyi kazi bila protini hiyo. Kwa lugha ya shambani, dawa hii haileti nguvu yoyote kutoka nje. Inapitia mlango ambao mmea tayari unao, lakini inaupitia bila kuulizia hali ya hewa, kiasi cha maji kilichopo udongoni wala mbolea iliyobaki. Mmea ungejiuliza hayo yote. Kwa hiyo anayeshika bomba ndiye anayepaswa kuuliza kwa niaba yake, na kipimo kidogo kilichoandikwa kwenye lebo, kile ambacho muuzaji alikidharau, ni kidogo kwa sababu ishara haihitaji wingi ili isikike.

Kuna watu wanaoshauri kutumia vidonge vya aspirini vilivyosagwa badala ya kununua dawa ya namna hii, kwa kuwa aspirini ni ndugu wa asidi salisiliki. Ushauri huo una chembe ya ukweli wa kihistoria. Mwaka 1979 mtafiti R. F. White wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alidunga aspirini kwenye majani ya tumbaku, na majani hayo yakahimili virusi vya batobato ya tumbaku kuliko yasiyodungwa. Hata hivyo asidi hiyo huunguza majani kwa urahisi ikizidi, na mmea huifungia akiba upesi kama nilivyoeleza, na mimi sioni sababu ya kubahatisha vidonge vya binadamu kwenye shamba la biashara.

Msimu wa pili nilibadilisha kila kitu isipokuwa dawa yenyewe. Nilisubiri mpaka miche ishike vizuri na kutoa jani jipya, nikahakikisha udongo una unyevu kwa kumwagilia jioni iliyotangulia, nikapima gramu za lebo kwa mizani ndogo ya dijitali ninayoitumia kupimia mbegu, na nikapulizia asubuhi kabla jua halijapanda. Nilirudia kila baada ya siku 7 hadi 10 kulingana na mvua, na kulipokuwa na siku za ukavu niliruka zamu kabisa, nikaacha siku 14 kabla ya kuchuma kama lebo ilivyoagiza. Safari hii mistari minne ya katikati niliiacha makusudi bila dawa, nikaiwekea vijiti vyenye vitambaa vyekundu ili vibarua wasiichanganye.

Matokeo yalinifurahisha kwa dhati. Mistari yote ilikuwa na urefu mmoja na ilianza kutoa maua katika wiki ileile. Madoa yalianza kwenye majani ya chini kila mahali mvua zilipokolea, kwa sababu dawa hii haizuii bakteria kufika, lakini kwenye mistari iliyopuliziwa yalibaki hukohuko chini na duara la njano lilikuwa jembamba, wakati kwenye vitambaa vyekundu yalipanda hadi kichala cha tatu na kuingia kwenye matunda. Wakati wa kuchambua mavuno, kazi ya kutenga matunda yenye vitone ilikuwa ndogo kiasi kwamba kibarua mmoja aliimaliza peke yake. Ninajua kwamba shamba moja na msimu mmoja si utafiti, lakini niliyoyaona yanakubaliana na sababu iliyowafanya wakulima wa Florida, Marekani, wavutiwe na kiambato hiki dhidi ya madoa ya bakteria, kwani huko bakteria wameshazoea dawa za shaba na kuzishinda. Kuzoea kitu kisichowagusa si rahisi hivyo kwa bakteria.

Lazima pia niseme wazi yale ambayo bidhaa hii haikunifanyia. Bakajani chelewa, ugonjwa mwingine wa nyanya, ilikuja kwa kasi yake katika wiki ya ukungu mzito, na nisingekuwa na dawa ya ukungu tayari ningepoteza shamba. Anayenunua pakiti hii kwa kuahidiwa kwamba ataachana na dawa nyingine zote anadanganywa. Haina msaada wa maana kwa mmea ambao tayari umejaa madoa, kwa kuwa kinga huhitaji siku kadhaa kujipanga mwili mzima. Na kuhusu wadudu ninatoa tahadhari ya pekee. Kinga ya mmea ina matawi yanayobanana: lile la asidi salisiliki, linalofaa dhidi ya vijidudu vinavyoishi kwenye seli hai, na lile la homoni ya jasmonati, linalofaa zaidi dhidi ya wadudu watafunaji. Ukivuta moja kwa nguvu, mara nyingi lingine hulegea. Jennifer Thaler na wenzake walionyesha mwaka 1999, katika mashamba ya nyanya huko California, kwamba mimea iliyopewa kiambato hiki ilipunguza uwezo wake wa kuwahimili viwavi. Sitaki kudai kwamba ndivyo ilivyo kwa kanitangaze wetu, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, lakini msimu wote huo nilikagua mitego na migongo ya majani mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, na ninamshauri kila atakayeitumia afanye hivyo.

Kwa wakulima wa maeneo ya joto nina neno fupi. Kinga ya mimea hubadilika na joto kuliko wengi tunavyodhani: jeni la Mi, ambalo kampuni za mbegu huliingiza kwenye nyanya kwa ajili ya minyoo fundo, huanza kushindwa udongo ukizidi nyuzijoto 28, na mwaka 2022 kundi la mtafiti Sheng Yang He lilieleza kwamba arabidopsisi ikikaa kwenye nyuzijoto 28 badala ya 23 hushindwa kutengeneza asidi salisiliki ya kutosha inaposhambuliwa. Lebo ya dawa hii inakataza kupulizia mimea iliyolemewa na joto au ukame, na baada ya msimu wangu wa kwanza sina ubishi na katazo hilo. Uzoefu wangu ni wa nyanda za juu, na anayelima Morogoro au pwani aanze na mistari michache.

Kama mbegu yenye kinga ya kuzaliwa inapatikana, hiyo iwe chaguo la kwanza kabla ya pakiti yoyote. Nyanya ndiyo iliyotoa jeni la Pto, lililotambuliwa mwaka 1993, ambalo huitambua protini ya bakteria huyuhuyu wa madoa na kuiua seli iliyovamiwa papo hapo ili jirani zake wapone. Ulinzi wa namna hiyo hukaa kimya mpaka adui aingie, na ndiyo sababu kwa kawaida haukupunguzii mavuno sana katika mwaka usio na ugonjwa. Udhaifu wake ni kwamba zipo aina za bakteria zilizojifunza kuukwepa, na kwa shamba lililofikwa na aina hizo dawa hii bado ina nafasi yake.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopotea sikuiondoa kwa sababu ya kiambato, ambacho kimefanya hasa kile kilichotengenezwa kufanya, bali kwa sababu ya namna kilivyonifikia. Lebo yangu ilikuwa na ukurasa mzima wa Kiingereza kwa herufi za kusomea kwa kioo, na onyo muhimu kuliko yote, la kutopulizia mmea wenye kiu, halikuwa na hata sentensi moja ya Kiswahili. Dawa nyingine ukiizidisha utapoteza fedha. Hii ukiizidisha inachukua mavuno, na inayachukua kimyakimya huku majani yakionekana safi. Mwenye duka anayeiuza anapaswa kuweza kulisema hilo kwa kinywa chake kabla ya kupokea noti. Mnunuzi naye aangalie namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwenye pakiti, na asipoiona aiache dukani.

Ujazo nao ungefikiriwa upya, kwa kuwa pakiti inatosha mashamba makubwa kuliko langu na chembechembe hizi hazipendi unyevu baada ya kufunguliwa. Ningelipia zaidi kwa gramu kama ningepata kifurushi cha nusu ekari. Yangu bado imebaki zaidi ya nusu. Nimeikunja, nikaifunga kwa mpira na kuiweka ndani ya kopo la rangi lenye kifuniko kigumu, juu ya boriti ya stoo ambako watoto hawafiki, ikisubiri miche ya Desemba.